Swichi ya Nne ya Raicho

Matsumoto, 9 Februari 1997

Baba mdogo Tetsuji, shikamoo.

Huku baridi imetukalia kooni. Juzi bomba la karakana liliganda tena, Mzee Akahane akaliyeyusha kwa kikausha nywele changu, kisha akanirudishia kikinuka vanishi. Mama anakusalimu sana. Magoti yake yanamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo haujambo, huo bado unapanda ngazi mbili mbili. Yule jodari wa moshi uliyetutumia mwisho wa mwaka tumemkuna mpaka amebaki kipande cha kidole gumba, na mama anasema supu isiyo na jodari wa Makurazaki ni maji ya kuoshea vyombo. Nimewatumia boksi la matofaa na kopo la majani ya nozawana ya kachumbari. Mama mdogo Fusako asiyaweke karibu na jiko, yatachacha.

Najua simu huisikii vizuri siku hizi, ndiyo maana naandika. Ile kampuni kubwa tunayoichongea shingo za magitaa imetuarifu kwamba kuanzia mwakani kazi hiyo itafanyika ng'ambo. Walikuja watu wawili, wakainama sana, wakanywa chai, wakaondoka. Sisi tuko sita karakanani, na robo tatu ya kazi yetu ni shingo hizo. Nisipopata kitu cha kwetu wenyewe cha kuuza, Machi mwakani nitafunga karakana ya baba.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita kijana mmoja wa Nagoya, anaitwa Shirota, alileta gitaa la besi litengenezwe. Nikafungua mkoba, nikakuta Raicho! Ile besi yako ya mwaka 1967, yenye kiuno kibonyevu na swichi nne zilizopangwa safu kifuani. Nilikuwa na miaka mitano mlipoiunda wewe na baba, nakumbuka harufu yake tu. Shirota ameniambia wapigaji wanaitafuta kama dawa, na zilizobaki hazifiki mia. Tangu siku hiyo nimepata nyingine mbili za kuzikagua.

Baba mdogo, nataka kuifufua Raicho. Mchoraji wake ni wewe, kwa hiyo naomba ruhusa yako, naomba michoro kama unayo, na naomba jina lako liandikwe nyuma ya kichwa chake. Nina maswali kumi, nimeyaandika kwenye karatasi ya pili. La mwisho ndilo linaloninyima usingizi: swichi ya nne inafanya nini? Nimefungua zote tatu na kila moja waya wa swichi hiyo umepotea. Nadhani umeoza kwa uzee.

Wako mtiifu,
Kiyomi


Makurazaki, 2 Machi 1997

Mwanangu Kiyomi,

Marahaba. Matofaa yamefika, moja tu limepondeka, nalo nimelila kwanza ili lisiambukize wenzake. Mama yako mdogo anashukuru kwa kachumbari. Ameificha, lakini mimi najua ilipo. Huku parachichi... hapana, nisikudanganye, mti wetu wa parachichi umekufa. Maua ya mifyulisi ndiyo yamechanua. Banda la kufukizia jodari linafanya kazi tangu alfajiri, na mimi nanuka moshi hata nikitoka kuoga. Shemeji asipande ngazi. Mwambie ni amri yangu, halafu mwambie najua hatanisikiliza.

Habari ya kampuni kuondoka imeniuma. Lakini mtu akiishiwa mchele hafukui kaburi kutafuta chakula. Mwache Raicho alale.

Nikujibu maswali yako ili ujue kwa nini. Mwili ulikuwa mbao ya sen, nyepesi, na tuliitumia kwa sababu fundi wa masanduku jirani alikuwa nayo tele. Shingo fupi tuliifanya fupi kwa sababu mashine yetu haikuweza kukata ndefu. Kile kibanio cha sponji karibu na daraja linaloshikilia nyuzi, cha kuzima mlio, kilikuwa sponji ya kuoshea sahani, na baada ya miaka miwili kiligeuka unga. Kipumzishio cha kidole tulikiweka upande ambao hakuna kidole kinachofika. Daraja lililia ukipiga uzi mnene. Vanishi ilipasuka kila majira ya baridi. Rangi ya machungwa ilitokana na Akahane kukosea kuchanganya, na mwenye macho anaona. Naona watu wanasema cha kale ni dhahabu. Binti yangu, kingine ni kutu tu.

Tena nikuambie, anayenunua gitaa la zamani hanunui gitaa. Ananunua umri wake wa miaka kumi na saba. Huo wewe huwezi kuuchonga.

Unda besi mpya, yako. Mikono yako ni mizuri kuliko yangu, baba yako aliniandikia... hapana, hakuniandikia, nilisikia kwa watu. Na hata ukiunda nini, jina langu usiliweke.

Baba yako mdogo,
Tetsuji


Matsumoto, 20 Machi 1997

Baba mdogo, shikamoo tena na tena.

Theluji imebaki upande wa kivuli tu. Mama amepanda ngazi mara mbili leo makusudi, baada ya kusomewa amri yako. Anasema shemeji akitaka kutoa amri aje azitolee hapa.

Umri wa miaka kumi na saba, umesema? Shirota ana miaka ishirini na minne! Mwaka 1967 hata mimba yake ilikuwa haijafikiriwa. Ujana wa nani huo anaoununua? Nilimuuliza. Akaniambia besi za siku hizi zina nyuzi tano na betri ndani, kila noti inatoka safi, imenyooka, haina pa kushika. Raicho noti inaanza nono, halafu inakufa mapema na kumwachia mwimbaji nafasi. Kisha akasema, "Dada, mimi napiga nyimbo, sipigi mashine." Nikajua huyu si mtoto wa kumbukumbu. Ni mtu anayetafuta chombo cha kazi.

Na mimi mwenyewe vidole vyangu ni vifupi. Miaka kumi na mitano naunda besi nisizoweza kuzishika vizuri. Ile shingo yenu fupi, iliyotokana na mashine mbovu, ndiyo ya kwanza iliyonikaa mkononi. Kwa hiyo nakubaliana nawe nusu. Daraja linalolia nitalitupa. Vanishi inayopasuka nitaitupa. Kuna mafundi wanaofufua mpaka kasoro, wanachubua gitaa jipya kwa sandpepa lionekane limelewa miaka thelathini, nami nikiona hivyo nachoka. Lakini shingo fupi, sponji, sen na rangi ya machungwa ya Mzee Akahane nitavirudisha. (Anasema hakukosea. Anasema aliota.)

Sasa, Baba mdogo, nilikuuliza maswali kumi. Umejibu tisa.

Swichi ya nne inafanya nini? Shirota anaapa kwamba akiiwasha sauti inapata joto. Mzee Akahane naye anasema anaisikia. Mimi sisikii kitu, nimeanza kuogopa masikio yangu. Tumewekeana dau la bakuli la tambi za soba, na nakutegemea wewe uamue.

Kiyomi


[Kadi ya posta]

Makurazaki, 17 Aprili 1997

Kiyomi. Barua imefika. Mvua nyingi. Kazi nyingi. Sen usiikate ikiwa mbichi, iache mwaka mzima. Fusako anasalimu.
T.


Matsumoto, 28 Mei 1997

Baba mdogo,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mashamba ya mpunga yamejazwa maji na vyura hawatuachi tulale. Mama amenunua fimbo ya kutembelea lakini anaitumia kumwonyeshea paka njia.

Kadi yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyo na maneno. Nilimwonyesha mama. Akasema, "Mwache, yule ana jambo lake." Jambo gani? Akasema hajui, tangu ulipoondoka mwaka 1969 baba alikuwa akitajiwa jina lako anakwenda kunoa patasi. Hata alipofariki, ua lako lilifika na wewe hukufika. Sikulaumu. Nakuambia tu kwamba niliangalia mlangoni siku ile.

Kwa sasa niko hapa: nimeunda Raicho ya majaribio. Mwili umetoka mzuri sana, nililia kidogo nikiuona. Swichi ya nne sikuwa na namna, nikabuni mwenyewe, nikalehemu kichujio cha kupunguza ukali wa sauti. Nikampigia simu Shirota. Akaja na treni ya kwanza kutoka Nagoya, akapiga dakika mbili, akawasha swichi ya nne, uso ukamsawijika. "Dada, umeiharibu." Nikamuuliza ya zamani inafanyaje basi. "Haifanyi hivi. Ya zamani inafanya... haijitii kiherehere."

Oktoba kuna maonyesho ya ala za muziki Tokyo. Meza nimeshapata. Katalogi lazima ifike kwa mpiga chapa mwisho wa Julai, na siwezi kuchapisha kwamba besi yangu ina swichi ambayo mwenyewe siielewi. Bila maonyesho hayo sina wateja, na bila wateja nitawaambia watu watano waende nyumbani. Mzee Akahane yuko pale tangu enzi zenu. Ataenda wapi na kikausha nywele changu?

Nakuomba, Baba mdogo. Siombi siri ya ukoo. Naomba waya mmoja.

Kiyomi


Makurazaki, 30 Juni 1997

Mwanangu Kiyomi,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu za kwanza zimefukiza jodari. Fusako amesimama nyuma yangu na amekataa kuondoka mpaka nimalize, kwa hiyo salamu za msimu nazikata. Ni joto, tu wazima.

Waya haukuoza. Haukuwahi kuwepo.

Mwaka ule wa 1967 kila kijana wa nchi hii alitaka gitaa la umeme. Mfanyabiashara mmoja wa Yokohama alitujia mimi na baba yako akitaka besi mia tatu za kuuza nchini na ng'ambo. Washindani wana swichi tatu, akasema, nyinyi mna ngapi? Kaka Sadao akafungua mdomo aseme tatu. Mimi nikasema nne. Nikachonga mfano wa mbao wenye swichi nne, ukapigwa picha, katalogi ikachapishwa. Swichi ya nne nilikuwa nimepanga itikise sauti, iwe inayumba. Miezi mitatu nililehemu na kulehemua. Kila nilipoiwasha ilipiga mayowe. Siku ya kupakia ikafika. Kaka akaniambia, "Tetsuji, toa swichi, tuombe radhi, watu wataelewa." Nikamwambia nimeshaipata, inafanya kazi. Nikazifunga zote, mia tatu na kumi na mbili, swichi safi, skrubu safi, ndani hewa tupu. Nilijiambia awamu ya pili nitarekebisha. Unajua mtu anavyojidanganya akiwa na haraka.

Mwalimu mmoja wa shule kule Suwa alikuwa mdadisi. Akaifungua yake, akatuandikia barua ya adabu kabisa, na ndani akachora picha ya waya usiokuwepo, kwa vitone. Baba yako aliisoma barua akiwa amesimama. Hakunitazama. Kesho yake akavaa suti yake ya harusi, akanunua maboksi ya keki za maharage kwa fundi wa keki pale karibu na kasri, akaanza kuzunguka. Duka kwa duka, nyumba kwa nyumba, alikopata anwani. Suwa, Ueno, Nagoya, Shizuoka. Akifika anaweka keki, anainama mpaka chini, anaomba radhi kwa kosa nililofanya mimi. Akirudi jioni anaosha miguu, anakula, analala. Neno moja hakunipa. Angenitukana ningebaki. Angenipiga na ubao wa sen ningemshukuru. Lakini kimya chake kilinishinda, Kiyomi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nausikia kila siku mezani. Biashara ilipoanguka mwaka 1969 nikapata kisingizio, nikaondoka. Mazikoni sikuja kwa sababu sikuwa na uso wa kusimama mbele yake.

Basi umejua. Nimekuharibia besi yako, na baba yako nilimwinamisha mbele ya watu. Mficha maradhi kifo humuumbua, mimi nimengoja mpaka amekufa yeye. Ukiiacha Raicho sasa, sitashangaa. Ukitaka kuinua jina la karakana, usiliinue na uongo wangu.

Tetsuji


Matsumoto, 8 Julai 1997

Baba mdogo wangu mpenzi,

Shikamoo, na kaa chini kwanza. Mama mdogo Fusako naye akae.

Nilimsomea mama barua yako mezani. Nilipofika kwenye keki za maharage nikaona mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia. Nikaweka barua chini nimshike. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akalala ubavu kwenye mkeka, paka akakimbia.

"Maskini Tetsuji," akasema, "miaka thelathini! Yeye hajui?"

Nikasema, hajui nini?

Mama hajui swichi wala kitasa, alijua tu kwamba baba alikwenda kuomba radhi kwa ajili ya swichi fulani ya gitaa, bila kuuliza ina kasoro gani. Hakujua kamwe kwamba ndicho kilichokuondoa, alidhani ni biashara iliyoanguka. Lakini anakumbuka vizuri baba alivyorudi. Siku ya kwanza, kutoka Suwa, alirudi na keki zote. Yule mwalimu alikataa radhi. Alisema aliandika kwa udadisi tu, swichi anaipenda, akiwa jukwaani huiwasha kabla ya wimbo mgumu ili apate moyo, akaomba isiguswe. Ueno mwenye duka alimwambia besi zimekwisha na wateja wanaisifu hiyo ya nne kuliko zote. Nagoya kijana mmoja aliapa mbele yake kwamba inaongeza joto. Baba amepiga magoti chini, na mtu amesimama mbele yake anamwonyesha jinsi sauti inavyobadilika, tik, tik, "Umesikia?" Na baba, mtu asiyejua kusema uongo, akajibu, "Karibu nisikie."

Wengi waligoma kuzichukua zile keki kwa sababu waliona hawajakosewa. Akawa anazila kwenye treni ili asirudi nazo nyumbani. Mama anasema aliongezeka kilo nne msimu ule, na suti ya harusi ikabidi ifumuliwe kiunoni. Usiku alikuwa anacheka mwenyewe chini ya blanketi.

Nikamuuliza mama, sasa kwa nini hakumwambia ndugu yake? Mama akaacha kucheka. Akasema, "Mwanzoni alikuwa na hasira, kwamba alidanganywa na mdogo wake. Hasira ilipokwisha alitaka amwambie kwa raha yake, wakinywa, akicheka. Alikuwa anangoja Tetsuji aseme kwanza kwamba alikosea. Halafu mdogo wake akaondoka. Akasema aliyeondoka ndiye aandike kwanza. Niligombana naye juu ya hilo zaidi ya mara moja. Ukoo wenu wa Furihata wote vichwa vya mawe."

Kwa hiyo wewe ulikuwa unamngoja akutukane, na yeye alikuwa anakungoja uombe radhi, na hakuna aliyenunua stempu. Baba mdogo, nimewakasirikia wote wawili. Nimewalilia pia.

Sasa kuhusu Raicho. Nimekitoa kichujio changu. Swichi ya nne nimeifunga ndani hewa tupu, kama ulivyofanya wewe, skrubu safi. Nikamwita Shirota. Akapiga, akaiwasha, akafumba macho. "Hiyo ndiyo yenyewe!" Nikamfungulia kifuniko, nikamwonyesha. Akaingiza kidole ndani kutafuta waya. Nikajiandaa kuinama. Akasema, "Basi joto ni langu mwenyewe?" kisha akaagiza mbili. (Soba nimeila kwa niaba ya masikio yangu. Mzee Akahane amelipa, lakini bado anasema anaisikia.)

Ila uongo sitauuza, hapo uko sawa. Tukifufua cha zamani, tukifufue na ukweli wake. Katalogi nitaandika wazi kwamba swichi ya nne haina kitu. Anayeitaka hivyo ataichukua, asiyetaka aache. Nimejaribu sentensi kumi, zote zinasikika kama ofisi ya kodi. Haiwi nzuri kwa sababu si mimi ninayepaswa kuisema.

Mpiga chapa anangoja mpaka tarehe thelathini na moja.

Kiyomi


Makurazaki, 17 Julai 1997

Kiyomi, mwanangu,

Nilisoma barua yako nje, bandani, ili nikilia niseme ni moshi. Fusako akaja akaniambia leo hatujawasha moto.

Kilo nne! Nimemwona kabisa, ndani ya treni ya Shizuoka, suti imembana, keki ya saba mkononi. Nimecheka, kisha nikamkasirikia, kisha nikacheka tena, na sasa hivi ninavyoandika nimeanza kumkumbuka kwa uchungu kuliko miaka yote hii. Angeandika, mpumbavu yule. Ningeandika, mpumbavu mimi.

Nitakuja kwenye Bon, roho za wafu zinaporudi nyumbani, tarehe kumi na tatu ya Agosti, mapema tuwahi kuwasha moto wa kumkaribisha kaka mlangoni. Fusako anakuja nami ili nisiteremke njiani. Mwambie shemeji asipike sana. Kaburini nitakwenda peke yangu kwanza, nyinyi mtanifuata, nina maneno marefu ya kumwambia. Michoro ninayo, yote, nimeiweka miaka thelathini chini ya magunia ya chumvi. Inanuka jodari lakini vipimo vinasomeka. Daraja nimelichora upya juzi. Hili halilii.

Katalogi iandike hivi, usiongeze wala usipunguze, na jina liweke hapo chini kama lilivyo:

"Raicho ina swichi nne. Tatu zinafanya kazi. Ya nne haijaunganishwa na kitu chochote, wala haikuunganishwa mwaka 1967, ingawa tulisema imeunganishwa. Niliiweka mimi, si kaka yangu Sadao, aliyewaomba radhi kwa niaba yangu. Sasa naomba mwenyewe.

Furihata Tetsuji"